Mkono wa Bi Peigi

Aprili 21

Watu huvuka bahari kutoka Japani, Ujerumani na Marekani kuja kisiwani kwetu Islay, na wote hudhani wanafuata wiski. Si kweli. Wanamfuata Dugald McIndeor, yaani mimi, ila jina hawalijui mpaka washuke kwenye feri na kuingia garini mwangu. Mwaka wa ishirini na mbili huu nawatembeza wageni katika viwanda vya wiski, na siku nitakayougua mimi, wiski yenyewe itashuka bei. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kunifundisha yote aliyoyajua.

Daftari hili kanipa Ishbel, mtoto wa marehemu kaka yangu Ruairidh. Ishbel ndiye msimamizi wa sakafu ya kimea katika kiwanda cha Druimfada. Pale shayiri hulowekwa, humwagwa sakafuni ichipue, hupinduliwa kwa koleo, kisha hukaushwa tanurini kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wa bwawani tunaoukata kama matofali na kuuanika. Bila moshi ule wiski yetu ni maji ya kuoshea vyombo. Sasa wenye kiwanda, ambao wako bara, wamemwambia hivi: ikifika tarehe mosi Septemba bila mboji kavu ya kutosha, iliyokatwa kwa mkono papa hapa, sakafu inafungwa na kimea kitaletwa kwa lori. Hapo watu wanne watakuwa hawana kazi. Naye Ishbel atahamishiwa bara.

"Ami," kaniambia, "nahitaji trela ishirini. Kavu. Utaweza?"

"Ishirini? Hizo nakata kabla ya chai."

"Ami, sitanii."

"Na mimi umenisikia nikitania lini?"

Akanipa daftari niandike siku za kukata na hali ya hewa, basi. Sikuyapenda macho aliyonitazama nayo. Yalikuwa macho ya baba yake.

Aprili 24

Ukungu mzito. Nimeanza kukata. Kila ukoo una ukingo wake wa mboji bwawani tangu enzi za mababu, na mtu atakusamehe ukimwibia kondoo kabla hajakusamehe kutia sepetu kwenye ukingo wake. Wetu ni wa tatu kutoka njiani. Wengine hutafuta mawe ya mpaka yenye alama. Mimi naenda hata nikifumba macho, na leo, kwa ukungu ule, ni kama nilikuwa nimeyafumba. Nimefika moja kwa moja. Nimekata matofali mia tisa. Tuseme elfu.

Aprili 25

Mvua.

Aprili 26

Mvua, na upepo wa kuirudisha juu ilikotoka.

Aprili 29

Wageni sita, Wadenishi. Niliwafundisha kupunga. Kisiwani kwetu dereva humpungia kila anayepishana naye, awe wa gari, baiskeli au miguu, na asiyepunga ni ama mgeni ama mgonjwa. Mimi ndiye mpungaji mkuu. Nimempungia tarishi, nimempungia mchungaji, nimempungia Lachie Gillespie pale kona ya kanisa na koti lake jekundu. Lachie ni baharia mstaafu, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi yuko pale, iwe mvua iwe jua, akisubiri nipite. Heshima kama ile hainunuliwi.

Bi Peigi MacTaggart hakunipungia. Nyumba yake inatazamana na bwawa la mboji, naye hukaa dirishani. Namwona kama kivuli. Mkono hauinuki. Mwaka wa nane huu. Alianza siku ile tuliyomzika Ruairidh. Nilipita mbele ya geti lake nikiendesha nyuma ya jeneza la kaka yangu, kisiwa kizima kimesimama kando ya njia na mikono juu, yeye kasimama kama nguzo. Zamani nilikuwa nakunywa chai kwake kila Jumatano, mimi na marehemu mumewe Calum. Tangu siku ile sijakanyaga. Mimi humpungia kila siku, kumwonyesha nani ana adabu na nani hana.

Mei 9

Kukata. Mgongo unasema nina miaka hamsini na sita. Mgongo haujasoma.

Mei 15

Nimemaliza kukata. Vijana wawili wa Ishbel wa kwenye kimea walinisaidia Jumamosi mbili, wote wa kutoka bara, hawajui ukingo upi ni wa nani, na kukata kwao ni kama kukata keki ya mazishi. Matofali yamelala yameanikwa hadi mwisho wa macho yangu. Nimemwambia Ishbel ni trela thelathini. Kasema atashukuru zikiwa ishirini.

Mei 27

Wiki ya tamasha la wiski. Feri zinafurika. Bwana Hoshino amerudi, Mjapani wa Osaka anayekuja kila mwaka, mtu mpole, hunywa taratibu kama anayesikiliza. Nilimkalisha kiti cha mbele.

Tulipopita kona ya kanisa nikamwambia, "Yule ni rafiki yangu Lachie. Mpungie, ni mtu wa heshima."

Bwana Hoshino akatazama kule. Akanitazama mimi. Akatazama tena. Kisha akainua mkono, na kama haitoshi akainama papo hapo kitini mpaka paji la uso likagusa dashibodi. Ndio maana nawapenda Wajapani.

Kufika bwawani nikampeleka kuona mboji. Nikamweleza kuwa ukingo huu alipewa babu wa babu yangu na mwenye kisiwa mwenyewe, kwa kumwokoa asizame. Akasikiliza. Halafu akauliza, "Dugald-san, yule mama dirishani ni nani? Anakuinulia kidole."

"Anafukuza inzi," nikamwambia.

"Alikuinulia na jana."

"Ana inzi wengi."

Juni 6

Mvua.

Juni 7

Mvua.

Juni 8

Kulikuwa na jua saa nne hadi saa nne na robo. Visubi wakatoka wote kusherehekea, wakanila mimi.

Juni 14

Siku za kusimamisha mboji. Unachukua matofali matatu yaliyoanza kukauka, unayaegemeza yasimame, unaweka moja juu kama kofia, upepo upite katikati. Nimesimamisha tangu asubuhi. Jioni mvua ya kupofusha. Pale kona ya kanisa Lachie amesimama vilevile na koti lake, analowa. Nikasimamisha gari, nikamfungulia mlango. "Panda, bwana, utakufa!" Kimya. Nikamsihi. Kimya. Nikafunga mlango, nikaondoka. Watu wa bahari wana fahari yao.

Juni 30

Ishbel alikuja bwawani baada ya kazi. Akavunja tofali moja mkononi. Katikati bado limelowa kama uji.

"Miezi miwili, Ami."

"Itatosha."

"Kule bara wameshanipa na anwani ya nyumba nitakayokaa. Eti ina roshani." Akacheka, lakini si kicheko. "Ukitoka kwenye hiyo roshani unaona roshani nyingine."

Nikageuza tofali ambalo nilikuwa nimeshaligeuza.

Julai 11

Mvua. Wafaransa wanne. Mmoja alitapika.

Julai 19

Nimegombana na Lachie Gillespie kilabuni. Niliingia nikamkuta kaunta kwenye kiti cha juu, mguu umenyooshwa, mkongojo ubavuni.

"Habari za Oban, kule bara?" mtu kamuuliza.

"Miezi miwili hospitalini na kwa binti yangu, kwa goti hili," akajibu. "Nimerudi leo mchana."

Nikamwambia, "Lachie, acha uongo. Jana nimekupungia."

"Mimi?"

"Kona ya kanisa. Koti jekundu."

Lachie akanitazama kwa huruma. "Dugald, koti langu ni la kijani. Tangu lini umeanza kunywa asubuhi?"

Wakacheka sana. Uzee huo. Mtu anasahau mpaka rangi ya koti lake.

Agosti 3

Jua.

Agosti 4

Jua! Na upepo kutoka mashariki, mkavu. Nimekaa kwenye jiwe langu la kulia mkate pale ukingoni nikasikiliza mboji ikikauka. Ndiyo, ina sauti. Ukiwa na masikio kama yangu.

Agosti 17

Jua siku ya kumi na tano. Tofali ukiligonga linalia kama ubao. Ishbel alilivunja, akalinusa, akaniangukia shingoni kama alipokuwa na miaka sita. Sikulia. Ulikuwa upepo.

Bi Peigi yuko dirishani. Kivuli. Sijali leo.

Agosti 28

Haya nayaandika yote, kwa sababu nikiyaacha kichwani nitayarekebisha.

Asubuhi Ishbel alifika na trekta, trela, na ramani ya kingo za mboji aliyoitoa ofisini. Redio imesema mvua kubwa inaingia Jumapili na itakaa wiki nzima. Leo ni Ijumaa. Akashuka na ramani mkononi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kubeba.

"Ami. Ukingo wetu ni wa ngapi?"

"Wa tatu. Swali gani hilo?"

"Wa tatu ni ule pale. Wenye magugu, haujaguswa." Akanyoosha kidole. Mimi niliona ukijani tu. "Huu ni wa nne. Mimi nilikuamini tu, sikuhesabu."

"Haiwezekani. Jiwe la mpaka liko wapi?"

Akanishika mkono kama kipofu wa sokoni, akaushusha, akaniwekea kiganja juu ya jiwe. Nilikuwa nimelikalia. Ndilo jiwe langu la kulia mkate tangu Aprili. Lina alama ya MacTaggart imechongwa na kupakwa chokaa, kubwa kama sahani.

"Huu ni ukingo wa Bi Peigi," akasema.

"Ukungu," nikasema. "Siku ile kulikuwa na ukungu."

"Ukungu wa siku moja, Ami. Umekata wiki tatu."

Vijana wawili wakaanza kutazama viatu vyao. Nikasema tupakie tu, tutaongea baadaye. Ishbel akatikisa kichwa. "Mboji haitoki bwawani bila neno la mwenye ukingo. Hilo nilifundishwa na wewe. Nikilianzisha tanuri kwa mboji ya wizi, baba yangu atafufuka anizabe kibao. Nenda kamwombe."

"Yule? Hajanipungia miaka minane!"

"Basi nitaanza kufunga mizigo." Akasema taratibu. Afadhali angepiga kelele.

Nikatembea. Kutoka ukingoni hadi mlango wa Bi Peigi ni kama hatua mia tatu, na kila hatua nilitunga hotuba nyingine. Ya kwanza nilikuwa namsamehe. Ya mwisho nilikuwa naomba maji ya kunywa tu. Mlango ukafunguka kabla sijabisha.

"Umechukua miezi minne kufika," akasema. "Pangusa viatu."

"Bi Peigi, kumetokea ukungu…"

"Kaa kwanza. Ukungu utaukuta."

Akanimiminia chai, akanipa mkate wa shayiri na siagi, kiti kilekile cha Jumatano. Akaketi mbele yangu akiyasugua magoti yake.

"Nilikuona siku ya kwanza. Nikasema, Dugald kakosea, atagundua. Kesho yake ukaja tena. Nikasema, aa, kumbe ananikatia mimi, kwa vile Calum hayupo na miguu hii imekwisha. Nikafurahi, mwanangu, nikaoka na keki. Halafu nikakusikia unawaambia wageni ni ukingo wa babu wa babu yako."

"Ulisikia?"

"Sauti yako inafika Ayalandi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Kila asubuhi ukipita nilikupungia, nikidhani utasimama tuongee. Na wewe unapunga, unapita zako."

Hapo likanitoka. Sikulipanga. "Hukunipungia! Hujanipungia tangu siku tuliyomzika Ruairidh. Watu wote mikono juu, wewe umesimama kama nguzo. Kaka yangu yuko kwenye jeneza, Peigi, nawe hukuinua hata kidole."

Akaweka kikombe chini. Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Niliinua mkono," akasema, "tangu jeneza lilipotokea pale kilimani mpaka gari lako likapita. Bega likaniuma siku mbili. Ulinitazama usoni, ukageuka. Nikasema, ana msiba, mwache. Jumatano ukakosekana, nikasema mwache. Miaka minane nimesema mwache."

Kisha akasimama, akatoka nje akichechemea mpaka getini, si mbali, ungeweza kumrushia mpira. Akanigeukia.

"Dugald! Nafanya nini?"

"Umesimama!"

"Mkono wangu uko wapi?"

Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi. Niliona geti. Niliona kitu cha buluu ambacho lazima kilikuwa yeye. "Uko… hapohapo ulipo wewe!"

Akarudi. Hakucheka, na kwa hilo nitambebea mboji mpaka nife. Akafungua droo, akatoa miwani ya marehemu Calum, mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa nyavu. "Alikuwa haoni mbali kama wewe. Na mbishi kama wewe. Vaa."

Nikavaa. Saa ya ukutani ikawa na mishale. Nje ya dirisha bwawa likaja karibu, nikaona marundo yangu ya mboji yamepinda yote upande mmoja, nikaona Ishbel ameketi juu ya gurudumu la trekta, kichwa mikononi. Kisha nikamgeukia Bi Peigi, na ndipo nilipoona kuwa amezeeka. Nywele zote nyeupe. Kumbe kwangu miaka yote alikuwa amebaki na umri wa siku ile ya mazishi.

"Nimekosa," nikasema. Neno moja, bila hadithi.

"Umekosa. Chukua mboji. Trela mbili za kwanza ziwekwe mlangoni kwangu. Kila Jumatano uje kunywa chai, na uje kwa miguu. Nisikusikie na gari tena mpaka macho yatazamwe. Mara ngapi umetaka kuniulia kuku!"

Nikatoka. Nilipofika kwa Ishbel nikampa funguo za gari kabla sijampa habari. Alizitazama funguo, akatazama miwani yenye uzi, akaelewa mambo mengi kwa mpigo mmoja. "Lo, Ami," akasema. "Na mimi umenibeba kwenye gari lile tangu darasa la nne."

"Polepole," nikasema. "Nilikubeba polepole."

Agosti 29

Tumepakia tangu alfajiri. Wageni kumi na mmoja walionilipa kutembezwa wametembezwa kutoka ukingoni hadi kwenye trela na kurudi, mikono imejaa mboji. Wanasema ni safari bora kuliko zote. Bi Peigi ameletewa kiti nje, anahesabu kwa sauti na kuwafokea Wajerumani.

Agosti 30

Mvua, kama redio ilivyosema. Trela ishirini na moja, zote chini ya paa, kavu.

Asubuhi nilipita kwa miguu mbele ya dirisha la Bi Peigi. Nilikuwa na miwani. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na bila kukiweka chini akainua kidole kimoja. Kimoja tu. Ndivyo wanavyopunga wazee wa huku, na ndivyo alivyonipungia asubuhi zote zile. Nikasimama njiani mvuani nikamwinulia mkono wote, nikaushikilia mpaka bega likauma.

Septemba 1

Ishbel amewasha tanuri saa tatu. Wenye kiwanda walituma mtu mwenye tai, akatazama mboji, akatazama kimea, akaandika, akaondoka na feri ya mchana. Sakafu haifungwi. Moshi umetanda mpaka gatini, na wageni walioshuka wakaanza kunusa hewa kama mbwa. Nikawaambia, moshi huo ni wa kwangu. Halafu nikasema, ni wa Bi Peigi MacTaggart, mimi nilikata tu. Ilinichukua muda kuisema hiyo ya pili.

Daktari wa macho anakuja kisiwani wiki ijayo. Ishbel ataendesha, mimi nitazungumza, kila mtu na kipaji chake.

Amenidai daftari. Anasema alitaka hali ya hewa tu. Nitamkabidhi, lakini lipo jambo ambalo nimelizunguka siku tatu, na sitaki aambiwe na mtu mwingine.

Leo nilitembea hadi kona ya kanisa. Lachie hakuwepo, na hajawahi kuwepo. Pale pana sanduku la posta, la chuma, jekundu, la kimo cha mtu. Nimelisalimia miaka minane, Bwana Hoshino aliliinamia kwa ajili yangu, na ile siku ya mvua nililifungulia mlango nikalisihi lipande.